Kutoka Ngitili Hadi Hewa Ukaa: Historia ya Ardhi Iliyofungwa Ikapona

UTANGULIZI

Kijitabu cha sherehe kwa kawaida hujaa hesabu za hisa, majina ya viongozi na picha. Hayo mtayakuta katika kurasa nyingine. Kurasa hizi chache zimetengwa kwa ajili ya historia, tena historia ya jambo ambalo siku hizi linazungumzwa hata kwenye vikao vyetu tukishamaliza kuhesabu fedha: biashara ya hewa ukaa katika ardhi ya malisho.

Sisi wa Olasiti tunakaa pale ambapo ukijani wa Mlima Meru unaishia na uwanda mkavu unaanza. Ukishika barabara ya Dodoma, ukaupita uwanja wa ndege na Kisongo, mara unaona nyasi fupi, migunga ya hapa na pale, na makorongo. Huko ndiko waliko wakwe zetu na shemeji zetu, na kwa baadhi yetu ndiko waliko ng'ombe. Na huko ndiko wanakopita watu wenye makaratasi wakisema: tungeni utaratibu wa malisho, fungeni sehemu hii, miti na nyasi zirudi, nanyi mtalipwa. Sasa mama akiulizwa nyumbani, "Tutie sahihi au tusitie?", atajibu nini?

Jibu la mkato halipo. Lakini jambo lenyewe si geni katika nchi yetu. Ardhi kavu ya malisho iliwahi kufungwa, msitu wa asili ukarudi, na akina mama wakapata faida, miaka mingi kabla mtu yeyote hajaja kununua hewa. Tukiijua historia hiyo tutajua pia la kuuliza.

ARDHI YA KWETU

Tuanzie nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walilipima bwawa la Kisongo, wakakuta linajaa udongo kwa kasi kubwa. Udongo ule ulitoka kwenye malisho ya jirani. Mifugo ikikanyaga sehemu moja mwaka mzima, nyasi zinakwisha, mvua ikija inakuta ardhi iko uchi, na maji yanaondoka na udongo wa juu. Ndivyo makorongo yanavyozaliwa.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Wamaasai na Waarusha wanajua alalili, yaani sehemu ya malisho inayoachwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, ifunguliwe kiangazi kwa ndama na wanyama dhaifu. Mtu aliyeingiza ng'ombe humo kabla ya wakati alitozwa faini na wazee. Kwa hiyo tunaposikia habari za kufunga malisho tusidhani ni elimu iliyoletwa na ndege. Watu wa Shinyanga nao walikuwa na utaratibu kama huo, wakiuita ngitili. Historia ya ngitili ndiyo iliyoandikwa na kupimwa vizuri kuliko zote, kwa hiyo twende huko.

JINSI SHINYANGA ILIVYOKUWA JANGWA

Zamani Usukuma ulikuwa na mapori makubwa ya migunga na miombo. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 Serikali ya kikoloni iliendesha kampeni ya kufyeka mapori ili kuwamaliza mbung'o, wale wadudu wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa huko huko Shinyanga, chini ya Mwingereza C.F.M. Swynnerton. Wananchi kwa maelfu walitolewa kwenda kufyeka. Mbung'o walipungua kweli, lakini miti nayo ikaondoka.

Baada ya hapo likaja zao la pamba, likachukua ardhi mpya kila mwaka. Ng'ombe wakaongezeka, kuni na mkaa vikahitajika zaidi. Halafu katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Familia zilihamishwa kutoka kwenye maboma yao ya asili na kukusanywa pamoja. Operesheni ile ilileta shule na zahanati karibu na watu, hilo tusilisahau. Lakini kwa upande wa ngitili ilikuwa pigo. Mtu akishahamishwa, ngitili yake inabaki nyuma bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kila mtu anakata.

Matokeo yake yalionekana wazi. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa huo mwaka 1984 aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986, katika mkoa mzima wa Shinyanga wa wakati ule, mkubwa kuliko wa leo, ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Akina mama walitembea mbali sana kutafuta kuni, na wengi walipikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, vitu ambavyo vingetakiwa kurudi shambani kama mbolea.

HIFADHI ARDHI SHINYANGA (HASHI)

Mwaka huo huo wa 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukijulikana kwa kifupi HASHI, kwa msaada wa Norway. Baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilijiunga.

Mwanzoni mpango ulikwenda kwa mtindo uliozoeleka: vitalu, miche ya kigeni, na kampeni za kupanda miti. Miche mingi ilikauka au ililiwa na mifugo, na wananchi hawakuichangamkia. Ndipo wataalamu wakakaa chini na kuwauliza wenyeji wanataka nini. Wenyeji wakajibu kwamba wanataka miti yao, ile wanayoijua kwa kuni, kwa nguzo, kwa dawa na kwa malisho, na kwamba wana njia yao ya kuirudisha, nayo ni ngitili.

Hapa kuna siri ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuielewa. Ardhi iliyofyekwa haijafa. Chini ya udongo mizizi na visiki viko hai, vinachipua kila mvua inapokuja. Tatizo ni kwamba machipukizi yakitoka mbuzi anayala, au jembe linayakata. Ukiifunga ardhi hiyo misimu michache, ukachagua shina moja au mawili yaliyonyooka katika kila kisiki na kupogoa yaliyobaki, mgunga unainuka wenyewe bila mche wala maji ya ndoo, kwa sababu mizizi yake tayari imefika chini kwenye unyevu. Jambo hili hili liligunduliwa upya nchini Niger mwaka 1983 na Mwaustralia Tony Rinaudo, baada ya kuchoka kuona miche yake ikifa jangwani. Kwa Dodoma siku hizi njia hii inajulikana kwa jina zuri la Kisiki Hai.

Ngitili zilikuwa za namna mbili: za familia, zenye hekta chache, na za jumuiya, zilizokuwa za kijiji, za shule au za kikundi. Zote zilifungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, sehemu kwa sehemu. Ulinzi haukuhitaji askari wa misitu. Sheria ndogo zilitungwa na vijiji, kesi ziliamuliwa katika dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu walihakikisha faini inalipwa.

FAIDA ILIYOPATIKANA

Jamani, matokeo yake si mchezo. Kutoka zile hekta 600 za mwaka 1986, hadi mpango ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2005. Walihesabu kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, uyoga, matunda ya porini, dawa na malisho. Wakakuta ngitili inamletea kila mtu faida ya wastani wa dola 14 za Marekani kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8 na nusu kwa mwezi. Aina 152 za mimea zilihesabiwa humo, na aina 145 za ndege.

Kwa akina mama faida kubwa zaidi ilikuwa ni muda. Utafiti ulionyesha kwamba mwanamke aliokoa saa 2 hadi 6 katika siku ya kwenda kuni. Hebu tujiulize sisi wenyewe: saa 4 zikirudi mikononi mwako leo, utafanya nini? Utafungua genge, utafuga kuku, utapumzika hata kidogo. Mtaji wa kwanza wa mwanamke ni muda, fedha inafuata nyuma.

Tusifiche upande wa pili. Pori lilipoongezeka, wanyama waharibifu nao waliongezeka, na hasara ilikadiriwa kuwa kama dola 63 kwa familia kwa mwaka. Tena walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na ardhi kubwa. Kati ya ngitili 18,607 zilizoorodheshwa katika vijiji vilivyopimwa, za jumuiya zilikuwa 284 tu. Zilizobaki zilikuwa mali ya familia, na ndani ya familia nyingi msemaji wa ardhi ni baba. Mjane au mke asiye na sauti angeweza kuilinda ngitili miaka kumi, na siku ya kuuza nguzo asiulizwe.

KONDOA: KUFUNGA KWA NGUVU

Ili tuone kwamba kufunga kuna namna zake, tuitazame Kondoa. Huko nako ardhi iliharibika kwa makorongo ya kutisha, na mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 iliamuliwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika la kilometa za mraba 1,256. Wanyama kama 90,000 waliondolewa.

Miti na nyasi zilirudi, hakuna anayebisha. Lakini wenye mifugo walibeba mzigo peke yao, na ng'ombe walihamia kwa majirani ambako ardhi nayo ilianza kuchoka. Ardhi ya Kondoa ilipona kwa amri, ya Shinyanga ilipona kwa makubaliano. Tofauti hii inatuhusu sana tunapofika kwenye hewa ukaa.

HEWA UKAA INAINGIA

Tueleze kwa lugha nyepesi. Mti unapokua huvuta hewa ukaa kutoka angani na kuigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Nyasi hufanya vivyo hivyo, na sehemu ya hiyo hewa hukaa ndani ya udongo. Makampuni ya nje yanayotoa moshi mwingi hununua tani za hewa ukaa zilizohifadhiwa ili kufidia moshi wao. Tani moja iliyothibitishwa ni cheti kimoja. Hicho ndicho kinachouzwa. Ardhi na miti haiuzwi, au haipaswi kuuzwa.

Tanzania iliingia mapema. Mwaka 1999 mpango wa TIST ulianza Mpwapwa, wakulima wakiwa katika vikundi vidogo, wakipanda miti na kulipwa kidogo kidogo kwa kila mti ulio hai. Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania msaada wa hadi kroneri milioni 500 kwa ajili ya kujaribu malipo ya kutunza misitu, na moja ya miradi ya majaribio, chini ya shirika la TaTEDO, ilikwenda kwenye ngitili za Shinyanga. Wenye ngitili walifundishwa kupima unene wa miti kwenye usawa wa kifua na walilipwa malipo ya majaribio. Mradi ulipokwisha malipo hayo yalikwisha nao. Faida iliyobaki mikononi mwao ilikuwa ile ile ya zamani: kuni, nyasi na nguzo.

Mahali pengine biashara ilisimama. Katika bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao ya jumuiya, wakisaidiwa na shirika la UCRT la hapa Arusha, na ndipo wakaanza kuuza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, nayo ya hapa Arusha. Angalieni mpangilio: hati ya ardhi kwanza, hewa baadaye. Edward Loure wa UCRT alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya hati za jumuiya. Wilayani Tanganyika, mkoa wa Katavi, vijiji vinane vya milima ya Ntakata vimejenga shule na zahanati kwa fedha za namna hii. Na kule Gazi, pwani ya Kenya, wananchi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 wanatunza hekta 117 za mikoko na kuleta maji na vitabu vya shule.

Lakini hiyo ni misitu iliyokuwepo, yenye miti mingi. Ardhi kavu inayoanza upya ni habari nyingine, kwa sababu miti yake hukua polepole. Tufanye hesabu ya mfano, si bei ya soko. Tuseme hekta moja inaongeza tani 2 kwa mwaka na tani inauzwa dola 5. Hiyo ni dola 10. Toa gharama za wapimaji, wakaguzi na dalali, kisha gawanya kwa kaya zote za kijiji. Mwanachama wetu anayejua kugawa faida ya mwisho wa mwaka ataona mwenyewe kwamba mtu mmoja mmoja hatajirika. Fedha hiyo inaleta maana ikiwa ardhi ni kubwa, ikiwa inakwenda kwenye kazi ya pamoja, na ikiwa inaongezwa juu ya faida nyingine. Kama kufunga malisho kunawanyima watu kuni na nyasi ili wapate dola chache, hapo wamekula hasara.

MIGOGORO ILIYO KARIBU NASI

Kaskazini mwa Kenya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo ulianza mwaka 2013 katika karibu hekta milioni 2 za malisho, kwa kupanga mzunguko wa mifugo. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilizokuwa ndani ya mpango huo zilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwetu hapa, Longido na Monduli, kampuni ya Soils for the Future Tanzania imeingia na mpango wa namna hiyo hiyo. Upande wa mradi unaeleza kwamba mzunguko wa malisho unafuata mila za Wamaasai wenyewe. Umoja wa mshikamano wa Wamaasai, MISA, umepinga, ukitaka mikataba ya namna hii isimamishwe kwanza. Wanahoji muda mrefu wa mikataba, na wanauliza mfugaji atafanya nini mwaka wa ukame, pale mila inapomruhusu kuhama na karatasi inamkataza. Kijitabu hiki si mahakama, hatutoi hukumu. Tunasema tu kwamba swali hilo ni la haki.

Watu wa Meru wanajua uzito wa ardhi. Mwaka 1951 wananchi wa Engare Nanyuki walifukuzwa na nyumba zao zikachomwa ili kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea. Walioipoteza ardhi ile hawakuwa wameiuza wala kutia sahihi mahali popote. Itakuwa aibu sisi kuitoa kwa sahihi.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, kilichorudisha msitu Shinyanga ni kufunga, kulinda na kungoja, chini ya sheria ambayo watu waliitunga na kuikubali. Sisi tunaelewa hilo. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha haikui kwa sababu sanduku ni la chuma. Inakua kwa sababu hakuna anayelifungua kabla ya siku yake.

Pili, uhakika wa ardhi utangulie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mipango ya ardhi ya kijiji ipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, si ofisini kwa watu watatu. Akina mama tuwepo kwenye mkutano huo, na jina la mama liwe kwenye hati ya familia.

Tatu, mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kabla ya kutia sahihi tuulize: mradi umesajiliwa? Mkataba ni wa miaka mingapi, na uko kwa Kiswahili? Kijiji kinapata kiasi gani katika kila shilingi 100, na nani anasoma hesabu hadharani? Mwaka wa ukame malisho yatafunguliwa na nani? Na tukitaka kutoka, mlango uko wapi?

Nne, tuhesabu faida zote. Hewa ukaa iwe ya mwisho katika orodha, baada ya nyasi, kuni, maji, asali na saa za mama.

HITIMISHO

Ngitili hazikubaki salama zote. Baada ya HASHI kufungwa mwaka 2004 baadhi zimelimwa na nyingine zimekatwa mkaa, maana watu wameongezeka na mashamba yamebana. Msitu uliorudi unaweza kuondoka tena, kama kikundi kilichofikisha miaka kumi kinavyoweza kuvunjika mwaka wa kumi na moja. Zilizobaki zimebaki kwa sababu wenyewe wapo, wanajuana na wanakutana.

Tunawaomba wanachama wenye ardhi Kisongo, Monduli na Longido waanze na kidogo: eka moja, mvua mbili, mbuzi wasiingie, visiki vipogolewe. Mtaona wenyewe kinachoota. Mnunuzi wa hewa akija atakuta msitu na wenye msitu. Asipokuja, kuni zipo.